Mishono yangu ya kuchomelea inatoa vitundu na nanga imekatika, shida ni rodi ama ni mimi?

mwana_wa_langoni

Asalaam aleikum mafundi, na wengine nyote habari zenu. Niko Lamu, kibanda changu kiko upande wa Langoni karibu na maji, nafanya mageti, grili za madirisha, stendi za tangi, na wavuvi waniletea nanga na vyuma vya mashini za boti. Natumia mashini ya kuchomelea ya invata, ndogo ya ampea 200, rodi (vijiti vya kuchomelea) ni aina ya 6013, geji 12 yaani milimita 2.5 kwa kazi nyembamba na geji 10 kwa kazi nene.

Sasa tangu kusi ianze kupiga mambo yameharibika. Mshono ukitoka waonekana sawa mpaka nigonge slegi, lile gamba linaloganda juu ya mshono, hapo ndo naona vitundu vitundu kama uso wa mkate wa kibibi ukiiva. Vyengine havionekani kabisa mpaka nipige grainda ndo vinafunuka chini. Nimepandisha ampea, nimeshusha, nimebadilisha hata duka la kununua rodi, wapi. Halafu pembeni mwa mshono kuna kimfereji kimekula chuma, hasa kwenye skwea tyubu (paipu za mraba), mteja mmoja wa Shela alikuja akapitisha kidole hapo akaniuliza "na hii ndo nini?" nikawa sina la kumjibu.

La tatu ndo lanikosesha usingizi. Nilitengeneza nanga ya nondo, mikono minne, ya nahodha mmoja. Mkono mmoja umekatika baharini na nanga ilikua mpya kabisa. Na si mshono uloachia, mshono uko pale pale mzima, nondo yenyewe ndo imekatika kando ya mshono, kavu, bila hata kupinda kidogo. Jamaa anazunguka akisema nimemuekea chuma feki. Kwa jina la Mungu chuma ni kizuri, nondo hio hio wajengea ghorofa.

Nisaidieni, na msiniambie niende chuo manake geti la mtu lanisubiri.

chuma_ni_chuma

Pandisha ampea bro. Na achana na 6013 hizo ni za mageti tu, chukua rodi za 7018 shida zote kwisha, meli zajengwa na 7018

mzee_wa_gongoni

Wewe wa hapo juu usimpeleke mtoto wa watu shimoni. 7018 ni rodi nzuri sana sikatai, nimeitumia miaka huku kwenye mashamba ya chumvi, lakini ni rodi inayotaka kutunzwa. Ganda lake, lile linalofunika waya wa rodi, limetengenezwa liwe kavu kabisa, ndo maana inatoka kiwandani ndani ya mkebe uliofungwa usipitishe hewa, na ukishaufungua kanuni ya kuchomelea ya Wamarekani, AWS D1.1, inakupa masaa 4 tu rodi ikiwa nje, baada ya hapo irudi oveni ya nyuzi 120 za selsiasi kwenda juu. Na ikishanyonya unyevu kuikausha upya ni nyuzi 260 mpaka 430 kwa masaa 2 si chini. Sasa niambie nani hapo Lamu ama huku Malindi ana oveni ya rodi? Dukani wauziwa kwa kilo kutoka paketi iliyopasuka, imekaa hapo tangu mvua ya mwaka jana. Hio 7018 itamtolea vitundu kuliko hio 6013 yake, na kibaya zaidi itaingiza haidrojeni ndani ya chuma huku yeye anajiona kafanya kazi ya meli.

Haya kijana, vitundu. Vitundu ni gesi iliyokosa njia, chuma kimeganda kabla haijatoka. Kwa hio suala ni gesi imetoka wapi, na wewe kwa ulivyoeleza una milango mitatu iko wazi, rodi zako, chuma chako na upepo. Ampea inakuja nyuma ya hizo. Wewe umekua ukizungusha hio nobu kwa kila ugonjwa na ndo umejiongezea ule mfereji, ntakuja kwake ama mwengine atakueleza.

Rodi zijue hivi. Chukua mbili zigonganishe, kavu inalia kali, mbichi inalia butu. Tazama ganda, ukiona unga mweupe umechipua juu yake hio ishaloa ikakauka ikaloa tena. Tazama na ule mkia unaoingia kwenye holda, ukiwa na kutu weka kando ushikizie banda la kuku. Ukiiwasha ikawa inapasuka pasuka na kutoa mvuke mwingi basi huna haja ya kuuliza mtu. 6013 kuikausha si kazi, nyuzi 110 hadi 130, nusu saa mpaka saa moja, oveni ya keki yaweza, ila oveni hio isirudi tena kupika chakula. Na usiikaange kupita hapo, ganda la 6013 si la 7018, lina unyevu wake kidogo ambao linauhitaji, ukiliunguza moto wake unakua mkorofi. Tena kuna ule mchezo wa vijana wa kugandisha rodi kwenye chuma mpaka iwe nyekundu ati inakauka, huo unapasua ganda na kulichoma ndani, acha.

Kuzihifadhi tafuta friji mbovu, zinatupwa kila siku, weka ndani balbu ya wati 60 ya zamani ile inayotoa joto sio hizi za LED, toboa kitundu juu na chini hewa ipite, rodi zako weka humo. Haifikii joto la kutunza 7018, lakini kwa 6013 hapo pwani ni dawa.

Chuma nacho kikilala siku mbili karibu na maji kina chumvi juu, na chumvi inavuta maji kutoka hewani hata jua likiwaka. Kioshe na maji matamu, kikauke, kisha grainda nchi moja kila upande wa mshono mpaka king'ae. Brashi ya waya peke yake kwa chuma cha pwani ni kujidanganya. Cha mashini ya boti kina oili, futa na tina ya rangi uache ikauke kabisa kabisa, chupa ya tina iwe mbali, ndo uwashe.

Upepo, moshi wa ganda ndo unakinga chuma kilichoyeyuka kisiguse hewa. Kusi ikipiga hapo mbele ya bahari unachukuliwa. Simamisha bati ama turubai upande wa upepo, na rodi iwe karibu, umbali kati ya ncha na chuma usizidi unene wa waya wa rodi yenyewe. Ya milimita 2.5, umbali milimita 2.5. Wengi mkitaka kuona vizuri mnainua mkono, ukiinua tu kinga inaondoka hewa inaingia.

Sasa nijibu. Hivyo vitundu viko mwanzo wa mshono, mwisho, ama njia nzima? Na hio nanga ulipomaliza kuchomelea uliipoza vipi?

mwana_wa_langoni

Shukran mzee wangu. Vitundu ni njia nzima ila mwanzo ndo vikubwa. Rodi naweka chini ya meza ndani ya paketi yake. Chini ya meza ni mchanga.

Nanga kijana wangu aliitia kwenye ndoo ya maji ya bahari manake nahodha alikua amesimama hapo anasubiri maji yajae aondoke.

mzee_wa_gongoni

Basi nanga tumeshajua, kaiua ndoo. Ngoja nipate nafasi jioni nikueleze, sai niko juu ya ngazi.

mama_grili

Mimi niko Maweni Malindi, kazi zangu nyingi ni grili na mageti kwa hio nizungumze huo mfereji. Kwanza jua unatokea vipi, moto wako unayeyusha ukingo wa chuma halafu chuma cha rodi hakifiki kuujaza, pakiganda panabaki mfereji. Sababu zake ni ampea nyingi, rodi ukiishika mbali, mkono ukikimbia, na ukiyumbisha rodi bila kusimama pembeni. Kwa skwea tyubu ya geji 16 na rodi ya 2.5 mimi huanzia ampea 55 mpaka 65, sipiti 70. Kama wayumbisha, katikati pita haraka, kingo mbili ndo usimame kidogo, hesabu moja moyoni, mpaka uone kingo zimejaa. Na huo mfereji si sura mbaya tu ati, umeshapunguza unene wa tyubu ambayo ilikua milimita moja na nusu, na maji ya chumvi yatakaa humo humo chini ya rangi, geti la Shela linaanza kulia kutu hapo kabla ya pengine popote. Uliopo usiujaze na fila ya kuzibia kabla ya rangi. Safisha pitisha mshono mwembamba hapo hapo.

Lakini hapa nakuonya, wengi wakiambiwa washushe wanashusha mpaka mshono unakaa juu ya chuma umepinda mgongo, unapendeza kabisa, kumbe haujashika. Hio kwangu ni mbaya kuliko vitundu manake vitundu waviona, kutoshika hukuoni. Fanya hivi, chukua mapande mawili ya flati, chuma bapa, ya milimita 6, simamisha moja juu ya jengine, chomelea upande mmoja tu na rodi ya geji 10 ampea 100 hadi 120, ikipoa igonge na nyundo iangukie upande wa mshono mpaka ivunjike. Tazama ndani. Pakiwa na mstari laini wa chuma cha zamani ambacho hakijayeyuka kule kwenye kona, haukushika. Na vitundu vyote vilivyofichika utaviona hapo hapo. Mimi kila kijana mpya akija kwangu hio ndo interview.

Kitu chengine, umesema vyengine vinatokea baada ya grainda. Vitazame vizuri. Kitundu cha gesi ni cha mviringo na ndani yake ni safi. Ukiona kimekaa kirefu, hakina umbo, na ndani kuna kitu cheusi kinang'aa, hio si gesi, ni slegi umeizika. Dawa yake si kukausha rodi. Ni kugonga slegi yote na brashi kabla hujapitisha mshono wa pili, na rodi uilaze nyuzi 10 ama 15 hivi ukiivuta, slegi ibaki nyuma. Ukishuka kutoka juu kwenda chini na 6013 slegi inakukimbilia mbele ya moto, unaipita juu yake. Kazi nene panda kutoka chini kwenda juu, kushuka bakisha kwa tyubu nyembamba.

baharia_mokowe

Mimi niko huku Mokowe nachomelea sana paipu za GI (zilizopakwa zinki) za stendi za maji na zenyewe vitundu haviishi hata rodi zikiwa kavu. Na usiku naskia homa, mwili wauma, baridi, nimepima malaria mara kadhaa hakuna. Nakunywa maziwa kabla ya kazi lakini wapi

mama_grili

@baharia_mokowe hio si malaria hio ni zinki. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 na chuma kuyeyuka ni karibu 1500, kwa hio kabla chuma hakijayeyuka zinki ishakua mvuke, nusu yake inatoboa mshono wako nusu unaivuta wewe. Homa yake inakuja masaa kadhaa baadaye, jioni ama usiku, na mara nyingi inaondoka yenyewe siku moja mbili ndo mana watu wanadhani ni malaria imepona kwa panadol. Maziwa hayafanyi chochote, moshi unaingia mapafuni, maziwa yaenda tumboni, wapi na wapi. Ondoa zinki na grainda nchi moja ama mbili kutoka mshono mpaka uone chuma chenyewe, vaa maski ya moshi wa metali wakati wa grainda na wakati wa kuchomelea sio leso, simama upande upepo unakotoka, na ukimaliza paka rangi ya zinki pale ulipokwangua. Ukipata kubanwa kifua ama pumzi fupi nenda hospitali uwaambie umechomelea GI, usiwaache wahangaike na malaria.

chuma_ni_chuma

Maziwa tumekunywa toka enzi za babu zetu na hatujafa 😂

mama_grili

Mshahara wote waenda kwa maziwa na homa iko pale pale, sawa tu

mzee_wa_gongoni

Nimerudi. Nanga.

Nondo nyingi zina kaboni zaidi ya chuma laini cha kawaida, na hizi za siku izi zenye mbavu nyingi zimepozwa na maji kule kule kiwandani ili ngozi ya nje iwe ngumu. Ukichomelea, ule ukanda mwembamba pembeni mwa mshono unapata joto kali sana bila kuyeyuka. Ukiuacha upoe polepole unatulia. Ukiuzamisha kwenye ndoo, hapo chuma kinageuka kigumu sana na kikigeuka hivo hakipindi tena, kinavunjika. Ongeza rodi mbichi, haidrojeni imeingia humo humo kwenye ule ukanda. Vitu vitatu hivi vikikutana, ugumu, haidrojeni na chuma kinachovutana chenyewe kwa kupoa, ufa unakuja, na si lazima uje siku hio, waweza kuja mpaka masaa 48 baadaye ukiwa umelala. Ndo mana imekatika kando ya mshono sio kwenye mshono.

Kama kipande bado unacho kitazame pale kilipokatika. Pakiwa pote ni chembe zinazometa basi kimevunjika mara moja siku ile. Ukiona kuna sehemu ya ukingoni ina kutu zaidi ya wenzake ama rangi nyeusi nyeusi, ufa ulikuepo hapo kabla nanga haijafika majini. Mpelekee huyo nahodha mkitazame pamoja, chuma si feki.

Sasa nanga nyengine usitumie nondo. Tumia raundi ba, fimbo ya duara isiyo na mbavu, ya chuma laini. Nanga ya mwambani mkono wake unatakiwa upinde, ikikwama kwenye matumbawe nahodha aivute kwa boti mikono inyooke itoke, kisha anaipinda tena ufukweni. Ukimpa mkono mgumu ama utavunjika ama atakata kamba aiache chini. Ukiwa huna budi na nondo basi ipashe moto kwanza, jiko la makaa, nyuzi 150 hadi 200, tone la maji likidondoka juu lichemke na kupotea mara moja, chomelea bila kuiacha ipoe katikati, ukimaliza izike kwenye majivu makavu ama chokaa kavu ambayo hapo Lamu haikosekani, ulale mpaka kesho. Hapa sasa ndo 7018 ina kazi yake, lakini iwe imetoka kwenye mkebe uliofunguliwa hapo hapo, isizidi yale masaa 4. Mwisho wa kila mshono usiinue rodi ghafla, rudi nyuma kidogo ujaze kile kishimo manake nyufa ndogo zaanzia hapo, zile za nyota nyota.

Na ile ndoo imwage.

mwana_wa_langoni

Wazee wangu narudi kuwapa habari. Friji nimepata, balbu nimepata kwa shida, rodi sai zinalia. Nimehamisha kazi ndogo ndani na nje nimeweka bati upande wa kusi. Vitundu vya njia nzima vimekwisha, nimefanya ile ya flati mbili nikaivunja, ndani safi isipokua kona moja ambayo haikushika nikaongeza ampea kidogo ikashika. Mfereji nao nimeuona unapotoka, ni pale nnapokimbia kumaliza rodi.

Kipande cha nanga kilikua na ile kutu ukingoni kama mlivyosema, nahodha amekiona mwenyewe, amenyamaza ila hajaniomba msamaha. Nyengine namfanyia ya raundi ba.

Yamebaki mawili. Mwanzo wa mshono bado kuna kitundu kimoja viwili. Na nkifanya kazi ya boti gatini natumia ekstensheni ndefu, rodi inaganda ganda ovyo hata nkiweka ampea zile zile. Halafu kuna mtu kaniletea tangi la boti linavuja anataka nizibe.

mzee_wa_gongoni

Mwanzo wa mshono washa moto mbele kidogo ya pale unapotaka kuanzia, kama sentimita moja, vuta umbali mfupi urudi nyuma mpaka mwanzo halisi kisha ndo uende, hivo ile sehemu ya kwanza ambayo rodi bado haijapata joto unaipita tena na kuiyeyusha. Na rodi iliyobakia nusu ncha yake iguse vizuri kabla ya kuwasha, ganda likiwa limevunjika pale mwanzo hakuna moshi wa kukinga.

Ekstensheni, waya mwembamba mrefu unakula volti njiani, 240 iliyotoka nyumbani kwa mtu si 240 inayofika gatini, na jioni stima yenyewe iko chini. Waya wa milimita mraba 4 si ule wa 1.5, na uukunjue wote chini usiuache umejiviringisha utayeyuka. Klampu yako ya ethi, ile inayoshika chuma, pia isafishe, nyingi zinashika kutu.

Tangi lilikua na nini ndani? Petroli ama dizeli? Usiwashe kitu chochote hapo karibu mpaka unijibu. Dizeli watu hudhani haina neno kwa sababu haiwaki na kiberiti, ukilipasha moto tangi mvuke unatoka na tangi tupu ndo hatari kuliko lililojaa. Mwenyewe alioshe na sabuni na maji ya moto zaidi ya mara moja, lijazwe maji mpaka chini kidogo ya pale panapovuja, kifuniko kiwe wazi. Kama lilikua la petroli mwambie anunue jengine. Ukishaziba kupima usilijaze tena mafuta, paka chokaa upande wa nje juu ya mshono ikauke iwe nyeupe, ndani pakaza mafuta ya taa na kitambaa, subiri nusu saa. Palipo na njia patatoka doa.

mwana_wa_langoni

Anasema dizeli. Lakini nimenusa, si dizeli peke yake hii.

mzee_wa_gongoni

Basi mrudishie.